Aprili Tatu za Nyumbani

Mvua ikianza kupiga bati la studio yangu pale Sotik, mteja anaweza kuwa amekaa kwenye stuli, kidevu juu, tai imenyooshwa, akingoja picha ya pasipoti, nami nikamsahau kabisa. Naenda mlangoni naangalia upande wa kwetu, ambako wingu limeshakaa juu ya chai, nikabaki nimesimama pale. Mteja anakohoa. Narudi, naomba radhi, nampiga picha, na mara nyingi anatoka amefumba macho inabidi tuanze upya. Wakiniuliza kama nyumbani kuna shida, nasema hapana, ni mvua tu.

Wananicheka, na wana haki. Sisi watu wa chai ni nani tuogope mvua? Mkulima wa ngano kule Mulot huingoja roho mkononi, lakini kwetu inanyesha karibu kila alasiri, na kazi yetu ni kulalamika kwamba nguo hazikauki. Hata mimi nilikuwa hivyo hivyo. Ubaya wa mvua ulikuwa kuniharibia picha za harusi, basi. Huu woga niliuleta mwenyewe kwa kamera yangu mwenyewe, na ulianza na kalenda.

Kila mwisho wa mwaka wateja wanataka kalenda ya ukutani. Unawapa wachague: simba, maporomoko ya maji, nyumba ya Ulaya imefunikwa na theluji. Theluji ndiyo iliyokuwa ikipendwa. Mwaka mmoja nilichoka kuwauzia watu wa Sotik theluji. Nikajiambia nitapiga mahali pamoja kila mwezi, mwaka mzima, watu waone nchi yao inavyobadilika. Na mahali nilipopajua kuliko pengine popote ni nyumbani kwa mama.

Boma la mama limekaa katikati ya mteremko. Nyuma ya nyumba chai inapanda mpaka barabara ya vumbi iliyo juu, ile chai ambayo yeye na baba waliipanda wakiwa vijana, na baba akamwachia. Ukivuka bonde ukasimama kwenye lango la jirani wa ng'ambo, unaliona boma lote: bati la kijani, zizi, mistari ya chai, na kule juu upande wa kulia mti mmoja mkubwa tunaouita tebeswet. Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, tukitoka kanisani, nilikuwa navuka bonde na gambuti zangu, naweka kamera juu ya nguzo ya lile lango, hapo hapo kila mara, napiga.

Sikujua nitaona mengi hivyo. Januari vumbi la barabara linakaa juu ya mistari ya kwanza, chai inakuwa na rangi ya mtu mgonjwa. Februari majani ya zamani ya tebeswet yanageuka rangi ya chungwa, moja hapa moja pale, mti wote ukiwa bado kijani. Aprili machipukizi yanatoka yote kwa pamoja, na kijani chake kinauma macho, na wachunaji wanaingia shambani hata Jumapili baada ya kanisa. Julai ukungu unakataa kuondoka, nilikuwa nakaa pale langoni nikitetemeka mpaka jirani ananionea huruma ananiletea chai ya maziwa. Agosti ya mwaka mmoja mvua ya mawe ilipita Jumamosi, na Jumapili nikakuta shamba zima limechanika, jeusi, na bado nikalipiga, kwa sababu Agosti ndiyo hiyo.

Kalenda ilinunuliwa. Watu walikuwa wanasimama mbele yake dukani wanabishana hii ni Mei au ni Juni. Kaka yangu mkubwa, ambaye ni mwalimu Kericho mjini na ana neno kwa kila kitu, akasema sasa hata wezi wanajua mlango wetu uko wapi. Lakini akaibandika sebuleni kwake. Nikaendelea mwaka wa pili, na wa tatu.

Mwaka huo wa tatu chai ilikatwa. Mtu ambaye hakukulia kwenye chai anaweza kushtuka akiona: kila baada ya miaka kadhaa tunaikata yote, kichaka kilichofika kiunoni kinabaki vijiti vya magotini, halafu matawi yaliyokatwa tunayaacha pale pale chini yafunike udongo. Shamba linaonekana kama limeungua. Baada ya miezi michache linachipuka upya. Nilifurahi, maana kwa picha ni mabadiliko makubwa, na nikaanza kuwaza jalada la kalenda mpya: Aprili tatu, moja juu ya nyingine, uone miaka ikipita ndani ya picha moja.

Kwenye kompyuta unaweza kulaza picha juu ya picha, ya chini ikaonekana kupitia ya juu. Nilizipanga mchana mmoja ambapo hakukuwa na wateja. Bati likakaa juu ya bati, sawasawa. Dirisha juu ya dirisha. Zizi juu ya zizi. Lakini tebeswet ilikuwa miwili. Nikasogeza picha, nikairudisha. Nikaweka na Aprili ya tatu, miti ikawa mitatu, mmoja chini ya mwingine, kama watu wanaoshuka ngazi.

Nilitoka nje nikanunua maziwa ambayo sikuyahitaji. Nikarudi. Miti ilikuwa bado mitatu.

Nilimpigia kaka yangu simu. "Hiyo ni kwa sababu chai imekatwa," akasema, kwa ile sauti yake ya darasani. "Chai ikikatwa kila kitu kinaonekana kimeshuka. Umesahau?"

Sikuwa nimesahau. Hakuna mtoto wa chai asiyelijua hilo. Mwaka wa kukata chai nyumba ya jirani ambayo hukuwahi kuiona inatokea ghafla, kilima kinafupika, hata kanisa linaonekana limesogea karibu. Tukiwa wadogo tulikuwa tunapotea njia ya kwenda mtoni kwa sababu hiyo, na wakubwa wanatucheka. Kwa hiyo nilimwamini. Nilitaka sana kumwamini. Tena, akaniambia, udongo wenye chai hauendi popote, mizizi yake imeshikana kama vidole. Hilo nalo tuliambiwa tangu utoto.

Nilikaa na jibu lake kama mtu anavyokaa na jino bovu, unakula upande mwingine na unajifanya umepona. Nikiwa napanga picha za mazishi ya watu, mkono wenyewe ulikuwa unaenda kufungua zile Aprili. Chai ilikatwa mwaka wa tatu. Mbona mti ulikuwa umeshuka tayari mwaka wa pili, chai ikiwa juu bado? Na chai ukiikata inafupika chai. Mti unafupika kwa sababu gani? Nilimpigia tena kaka yangu nikamuuliza hivyo.

"Jumamosi nakuja," akasema.

Hatukumwambia mama tunaenda kuangalia nini. Tulimwambia tunapanda kuona kama chai imechipuka vizuri. Alikuwa kwenye benchi kando ya ukuta anachambua maharagwe, akatuangalia miguu, akamwambia mwanawe mkubwa, "Na hivyo viatu vya ofisi?" Kaka yangu akacheka, tukapanda.

Tulitembea katikati ya vijiti, juu ya matawi makavu yanayovunjika. Waya wa ua kule juu ulikuwa umekazwa mpaka ukiugusa unalia, na nguzo zake zote zilikuwa zimeinamia chini. Nilikuwa namwonyesha hilo alipozama. Mguu mmoja uliingia ndani ya matawi mpaka gotini. Alicheka kwanza, akiniomba mkono. Halafu akauchomoa ule mguu, akaondoa tawi moja, akaondoa lingine, na kicheko kikamwisha. Chini ya matawi ardhi ilikuwa imepasuka. Ufa ulienda kushoto na kulia, ukipita chini ya vichaka, ukipita nyuma ya tebeswet, na upande wa chini wa ufa ulikuwa umekaa chini kuliko wa juu. Yaani shamba lilikuwa limeshaachana na mlima. Chini yetu kabisa, mstari mmoja na mguu wa kaka yangu, lilikuwapo bati la kijani, na mama anachambua maharagwe.

Kaka yangu alivua kofia akaivaa tena. "Tumwite naibu wa chifu," akasema, na ile sauti ya darasani ilikuwa imempotea.

Naibu wa chifu alikuja wiki hiyo. Alipanda, akashuka, akanywa chai aliyopewa, akasema mvua ndefu ikishika mama asilale pale, na ikiwezekana ahame kabisa. Akatuachia hilo neno akaenda zake.

Basi tukakaa jikoni sisi watatu. Kaka yangu alikuwa amejipanga: chumba kipo kwake Kericho, kina kitanda, kina dirisha, hospitali iko karibu. Ng'ombe wataangaliwa. Mama alimsikiliza mpaka mwisho akichuja chai, hakumwaga hata tone. Halafu akasema, "Huo ufa mimi naujua."

"Wachunaji waliniambia. Niliwaambia waujaze matawi, wafunike vizuri."

"Ili iweje?" Kaka yangu alikuwa amesimama. "Mama, ili iweje? Unataka ikufukie?"

"Ili msinihamishe," akasema. "Si ndiyo hii mmekuja kunihamisha?"

Kaka yangu hajawahi kumpigia mama kelele, na siku hiyo alipiga. Alimwambia kuhusu familia zilizofukiwa, mambo tunayoyasikia kwenye redio kila mvua. Alimwambia yeye ndiye kifungua mimba na watu watamuuliza yeye. Nikajua naye amekuwa hapati usingizi, kama mimi. Mama alimsukumia kikombe. Mimi nikaona maneno hayasaidii, nikatoa kwenye mkoba kalenda mbili, nikazifungua Aprili, nikazipanga mezani pamoja na Aprili ya tatu, ambayo ilikuwa bado haijaingia kwenye kalenda. Nikasema, "Mama, angalia mwenyewe. Angalia mti."

Alivaa miwani. Aliinama muda mrefu juu ya ile ya kwanza. Kidole chake kilizunguka zunguka kwenye chai kule juu, kikasimama mbali na mti.

"Huyu ni nani?"

Niliinama. Kwenye mistari ya juu kabisa, karibu na barabara, kulikuwa na kitu cheupe kidogo kama punje ya mchele. Nilikiweka mimi kwenye kalenda, nikakiuza, nikakibandika ukutani mwaka mzima, na sikuwahi kukiona. "Ni wewe," nikasema. "Ni kitambaa chako."

"Nafanya nini?"

"Unachuna."

Akasogea kwenye ya pili. Ilibidi atafute, na sisi tukatafuta pamoja naye, vichwa vitatu juu ya meza. Punje nyeupe ilikuwa katikati ya shamba, chini ya ile njia inayokata chai, na ilikuwa peke yake. Wachunaji wengine walikuwa juu. Ya tatu hakuhitaji kutafuta. Alikuwa kwenye benchi kando ya ukuta.

"Huo mti wenu umeshuka kidogo," akasema. "Mmemwita mpaka naibu wa chifu. Na mimi nimeshuka kiasi gani?"

Kaka yangu alikaa chini. Nilitaka kusema kitu, hata uongo, kwamba alikuwa kwenye benchi kwa sababu tu chai imekatwa. Lakini mimi ndiye niliyepiga. Picha za miezi mingine zilikuwa humo humo kwenye kurasa, na nilijua nikifunua nitamwona akiteremka mwezi kwa mwezi, mstari kwa mstari, mbele ya kamera yangu, huku mimi nahangaika na rangi ya majani.

"Mwaka ujao kwa hii picha nitakuwa wapi?" akauliza, na hakuwa anagomba, alikuwa anauliza tu. Akavua miwani. "Basi niacheni niwe ndani yake."

Nililia pale mezani, mtu mzima mwenye studio yake. Mama aliniambia niangalie nisilowanishe kalenda.

Hatukumhamisha. Watu wengine wa ukoo wanatuona wajinga kwa hilo, na kuna alasiri nyingi naona wana haki. Tulichoweza tulifanya: tulichimba mtaro kule juu wa kupeleka maji kando, tukaujaza ufa udongo tukaushindilia, tukahamisha kitanda chake kutoka chumba cha nyuma kikaja cha mbele. Na mimi nikarudi nyumbani. Watoto wangu wamekua, chumba nilichokuwa nimepanga Sotik hakikuwa na mtu wa kunililia nikiondoka. Asubuhi naenda studio, jioni narudi. Tulikubaliana na mama kwamba mvua ikinyesha kutwa bila kukata, tunavuka bonde wote wawili tunalala kwa jirani wa ng'ambo. Mama huenda kule amenuna kama mtoto aliyepelekwa kuoga. Analala mara moja. Mimi nakaa macho nikisikiliza.

Aprili ya mwaka huu mvua ilianza vibaya, tukavuka bonde mara nyingi kuliko nilivyotarajia. Jumapili ya kwanza jua likatoka. Mama alisema magoti hayatamfikisha kanisani, nikaenda peke yangu, na nilipotoka nikapita moja kwa moja ng'ambo kupiga picha ya mwezi.

Chai ilikuwa imeota tena, kijani kile kile cha kuuma macho. Niliweka kamera juu ya nguzo, nikaangalia ndani. Benchi lilikuwa tupu. Mlango umefungwa. Nikaivuta picha karibu, nikapita mstari kwa mstari kuanzia ukutani mpaka barabarani, ingawa nilijua juu hawezi kufika. Nikaangalia zizini. Nikarudi kwenye benchi. Hakukuwa na mtu popote.

Sijui nilimwambia jirani nini. Nakumbuka kushuka bonde, nakumbuka ule ubao wa kuvukia maji uliokuwa umelowa, gambuti moja ikabaki kwenye tope na sikuirudia. Nilipanda upande wa kwetu nikishika nyasi kwa mikono, nikiwa bado na nguo ya kanisani.

Alikuwa jikoni. Alikuwa amekaa na kikombe cha chai, mlango ameufunga kwa sababu ya upepo.

Aliniangalia kutoka kichwani mpaka kwenye ule mguu usio na kiatu. "Mlima umeanguka?" akauliza.

"Hapana."

"Mti?"

"Sijauangalia."

Hapo aliweka kikombe chini. "Kwani umepiga picha ya nini?"

"Sijapiga," nikasema. Pumzi zilikuwa hazinitoshi. "Hukuwa ndani yake."

Mama aliinuka. Alitafuta kitambaa chake akakifunga, akavaa sweta ile nzuri, ya kuendea harusi. Nilimshika mkono tukatoka mpaka kwenye benchi, na nikahisi jinsi alivyo mwepesi. Alikaa, akajinyoosha mgongo.

"Haya, rudi haraka," akasema, "wingu linakuja. Nitakaa hapa hapa mpaka umalize."